Kijana Yuko Kazini, Lakini Je, Amethibitishwa?

Pengine unaye kijana aliyetoka kwenu Handeni na shahada yake, akapata kazi ya utafiti mjini Korogwe. Ukoo mzima umefurahi, na wengine wamekwisha mwagizia bati za nyumba ya bibi. Kabla ya bati, muulize: barua yake ya ajira yasemaje?

Korogwe si mgeni wa utafiti. Maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoko huko ilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S pamoja na Kilifi, Kenya, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Yakafuata majaribio makubwa zaidi ya mwaka 2009 hadi 2014, katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto 15,459. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Kazi ya namna hii hutaka madaktari, wauguzi, mafundi wa maabara na watunza takwimu, na aghalabu hulipiwa kwa fedha za mradi. Nao mradi una mwisho wake.

Aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu katika utumishi wa umma, awe mtafiti au mhadhiri, huwekwa katika majaribio kwa miezi 12. Wengi hudhani miezi ikitimia mtu amekwisha thibitishwa. La, hasha! Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza kwamba kupita kwa muda peke yake hakumthibitishi mtu. Basi kijana na aiombe barua yake ya kuthibitishwa, tena mapema.

Mwenye mkataba wa mradi ana shida nyingine. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja pungufu ya miezi 6 hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba kunyimwa mkataba mpya, hali mtu alikuwa na matarajio ya msingi kuupata, huhesabika kuwa ni kuachishwa kazi. Matarajio hayo lazima yathibitishwe, na ahadi ya barazani haina shahidi. Mikataba ya zamani, barua na maelezo ya mkuu wa mradi yafaa yatunzwe nyumbani pamoja na vyeti.

Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Mtumishi wa umma anayo njia yake, Tume ya Utumishi wa Umma.