Mto Turkwel una wenyewe wengi, nani anaitwa kikaoni?

Ukifungua mfereji pale Lodwar umechota mtoni, hata kama hujashika ndoo. Visima vinavyolisha mji vimechimbwa kando ya Turkwel, kwenye mchanga na changarawe ambazo mto wenyewe huzijaza maji unapopita. Kwa hivyo mto ukiguswa huko juu, mfereji wako umeguswa. Shida ni kwamba huko juu ni mbali kweli.

Ufuate tangu mwanzo. Maji yanatoka Mlima Elgon, ambako mto unaitwa Suam na mahali pengine ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Yanashuka Pokot Magharibi hadi Bwawa la Turkwel, ukuta wa mita 153 uliojengwa kati ya 1986 na 1991 ili kutoa megawati 106 za stima. Baada ya hapo mto unapita Kainuk, unanywesha mashamba ya Katilu, unakata Lodwar, kisha unamwaga kila kitu Ziwa Turkana, ziwa lisilo na njia ya kutokea. Sasa hesabu wenye mto: mkulima wa Elgon, mfugaji Mpokot, injinia wa KenGen, mkulima wa Katilu, mfugaji Mturkana, mama wa hoteli mjini, mvuvi. Wengi wao hawajawahi kuonana. Na walioonana, kama majirani wa upande wa Kainuk, mara nyingi wameonana kwa bunduki.

Bwawa lenyewe ni mfano mzuri. Kitambo mto ulifurika na kukauka kwa majira yake, na miti ya kingoni ikazoea hivyo. Mashine za stima zina majira tofauti. Halafu 2020, mvua zilipozidi na bwawa likakaribia kujaa, watu wa chini waliambiwa wajihadhari. Yaani kwa miaka mingi unaulizia maji hayaji vizuri, kisha siku moja unaambiwa yanakuja mengi, kimbia. Anayeshika kufuli ya maji na anayelala kingoni wanafaa kuwa na namba za simu za kila mmoja kabla ya siku hiyo.

Lakini usidhani kulinda mto ni kitu kilicholetwa na semina za hotelini. Waturkana wana neno, ekwar. Ni kipande cha msitu wa kando ya mto ambacho familia fulani inatambulika kukitumia, hasa ile migunga wanayoiita ewoi. Kiangazi kikibana, mbuzi wanakula maganda yanayoanguka pale. Huwezi kuingiza mifugo yako kwenye ekwar ya watu bila kuomba, na huwezi tu kuukata mti ulio hai. Ukileta vurugu, wazee wanakuita chini ya mti. Hakuna cheti wala muhuri, na kwa vizazi msitu ulisimama. Leo anakuja mtu wa makaa kutoka mjini asiyejua ekwar ni nini, mathenge inasonga kingo, na mgeni anauona msitu wote kama pori lisilo na mwenyewe. Kwa maoni yangu, mradi wowote wa mto unaoanza bila kuuliza ekwar hii ni ya nani, umeanza vibaya.

Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar, hadithi ina mto mwingine: Tarach. Huu ni laga. Miezi mingi unaona mchanga mtupu, halafu mvua ikinyesha milimani upande wa mpaka wa Uganda, unashuka kwa hasira na kubomoa nyumba kambini. Kambi ilifunguliwa 1992, na leo ukijumlisha Kalobeyei unapata zaidi ya watu 200,000. Wote, mwenyeji na mkimbizi, wanategemea visima vinavyojazwa na laga hiyo hiyo. Mwenyeji analalamika kwamba miti inaisha. Mkimbizi naye anapikia kuni na makaa anayouziwa na mwenyeji. Ni soko moja hilo, kwa hivyo kumlaumu mmoja peke yake ni kujidanganya. Na kama bado unangoja lile ziwa la chini ya ardhi la Lotikipi lililotangazwa 2013 lituokoe, pole. Yalipopimwa baadaye, yalikuwa na chumvi nyingi.

Sheria ipo. Sheria ya Maji ya 2016 inaruhusu wanaotumia mto kuunda chama chao, WRUA, cha kuusimamia pamoja na kutatua migogoro. Juu yake kuna kamati ya bonde, na hapo ndipo mimi hukwama. Turkwel na Tarach ziko chini ya eneo moja la Bonde la Ufa, linaloanzia huku hadi mpaka wa Tanzania, na kwenye kamati sheria inataja mwakilishi wa wakulima AU wafugaji. Hiyo "au" ni ndogo kwenye karatasi, lakini huku mkulima na mfugaji ndio wanaogombania kingo moja. Akiketi mmoja, mwingine anasikia uamuzi kwa uvumi. Mkimbizi naye hatajwi kabisa.

Kwa hivyo mlango wa karibu ni WRUA. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ina ofisi Lodwar. Ingia uulize chama cha sehemu yako kinaitwaje, wanachama ni kina nani, na kama kuna yeyote anayewasemea wachungaji au watu wa kambini. Ukishajiunga, chunga pia vile mikutano inatangazwa. Kijana aliye na mbuzi nyuma ya milima ya Loima hataona ujumbe wa WhatsApp. Redio ya Kiturkana ataisikia.