Goti la Mkulima wa Mpunga

Kilimo cha mpunga katika bonde la Kilombero humtaka mkulima ainame, achuchumae na abebe magunia mwaka hadi mwaka. Goti linapoanza kuuma, wengi husema ni baridi yabisi au uzee, wakanyamaza. Mara nyingi ni osteoathritisi, maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 yaliwasumbua watu milioni 528 duniani.

Katika maradhi haya gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, huchakaa, na misuli inayolishikilia goti hudhoofika. Goti huuma likitumika na hutulia likipumzishwa. Asubuhi hukakamaa, lakini kwa kawaida si zaidi ya nusu saa. Likikakamaa kwa saa nzima au zaidi, huenda ni baridi yabisi yenyewe. Likivimba ghafla na kuwa la moto, pamoja na homa, mgonjwa awahi hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda kiungo kimeingia usaha.

Wengi hukimbilia diklofenaki ya duka la dawa. Hutuliza maumivu, lakini hairudishi gegedu. Ikimezwa kila siku yaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo, hasa za mtu wa makamo anayetokwa jasho shambani bila kunywa maji ya kutosha. Kwa hiyo mhudumu asitoe dawa hii kabla ya kuuliza habari za tumbo, presha na figo. Ile ya kupaka ina madhara machache zaidi.

Tiba ya msingi ni mazoezi. Keti kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi 5, ushushe. Rudia mara 10 kwa kila mguu, kila siku. Baiskeli, iliyozoeleka sana Ifakara, nayo huimarisha paja bila kulielemea goti. Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo 1 inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takribani kilo 4 katika kila hatua. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande usiouma.

Siku za mwanzo mazoezi huleta maumivu kidogo. Hayo si dalili kwamba goti linaharibika. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, si siku mbili. Mgonjwa aambiwe hivyo mapema, asije akakata tamaa na kurudia vidonge.