Benchi la Kukunja Nyumbani kwa Mkulima

Leo tunaacha mbolea na mbegu, tunazungumzia mpini. Mvua zikikaribia, kila nyumba huchonga mipini, hunoa majembe, hutengeneza mlango wa banda la mbuzi. Na hapo ndipo watu wengi hujikata. Mbona? Kwa sababu mti umelazwa juu ya goti, au umekanyagwa kwa mguu, au ameitwa mtoto aje aushike, naye macho yako kwa wenzake wanaocheza. Mimi mwenyewe nina kovu juu ya goti la kushoto. Nilikuwa nalainisha mpini kwa panga, likateleza. Nilikaa wiki tatu bila kulima, na mvua haikunisubiri.

Kinachotakiwa ni kitu cha kuushika mti badala yako, ili mikono yote miwili iwe kwenye kazi. Seremala ana meza yake nzito yenye jiliwa, lakini meza ile haihami, na nyumba nyingi hazina nafasi yake. Liko benchi la kukunja. Ni meza ndogo ya chuma, miguu yake inakunjika, na juu yake zimelala mbao mbili sambamba kama taya. Ubao mmoja umetulia, wa pili unasogea ukizungusha vishikio viwili vilivyo mbele. Yaani uso wote wa meza ni jiliwa. Ukimaliza kazi, unalikunja na kulitundika ukutani.

Aliyelibuni ni Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akisanifu magari huko Uingereza. Mwaka 1961 alikuwa akikata ubao nyumbani kwake, ameuegemeza kwenye kiti. Msumeno ukakata ubao, ukakata na kiti! Makampuni kadhaa yalilikataa benchi lake, akaanza kuliuza mwenyewe, mpaka Black & Decker wakalichukua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Siku hizi viwanda vingi vinatengeneza mabenchi ya aina hiyo. Mengine ni mazuri, mengine ni bati lililopakwa rangi.

Basi ukienda dukani, usikubali kuliona ndani ya boksi tu. Mwambie mwenye duka alifungue. Likunjue, lisimamishe, kisha weka viganja viwili juu yake ulisukume mbele na nyuma kama unayepiga randa. Likicheza pale dukani, nyumbani kwenye udongo litacheza zaidi. Akikataa kulifungua, nenda duka la pili.

Zungusha vishikio mpaka taya zikutane. Zikutane toka mwanzo hadi mwisho, pasiwe na mwanya. Angalia skrubu ndefu zinazosogeza taya ziwe za chuma, na uulize kama vishikio vya akiba vinapatikana, maana vya plastiki ndivyo huvunjika kwanza. Maungio ya miguu yakiwa ya bolti na nati, fundi wa baiskeli atakukazia; yakiwa ya ribiti, yakilegea ni shida. Soma pia uzito linaoweza kubeba. Na wepesi usikudanganye: benchi jepesi mno hutembea unapokata.

Sasa matumizi. Liweke kivulini, penye ardhi sawa, na kila mguu uukalishe juu ya jiwe bapa au kipande cha ubao usizame. Hakikisha makomeo ya miguu yamefunga kabla ya kuegemea. Kama lina kikanyagio chini, weka mguu wako mmoja hapo unapopiga msumeno. Uzito wako ndio unalituliza.

Mpini ndipo benchi hili linapoonyesha uhodari wake. Mpini una upande mnene na upande mwembamba, jiliwa la kawaida hulishika vibaya umbo hilo. Hapa kila kishikio huzunguka peke yake. Kaza zaidi cha upande mwembamba, taya zitakaa mshazari na kuubana mti wote. Kisha lainisha kwa randa au tupa ya mbao, malizia kwa msasa au kigae cha chupa. Lakini kule kuchonga kwa kwanza, kwa shoka au panga, kufanyie juu ya gogo. Benchi si la kupasulia.

Kunoa jembe: litoe mpini, libane huku makali yakitokeza juu kidogo, na pande zote mbili weka vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ili chuma kisile taya. Sukuma tupa kwenda mbele tu. Wakati wa kuirudisha, inyanyue. Ubao mpana wa mlango hauingii katikati ya taya, kwa hiyo chomeka vile vigingi vinne kwenye matundu ya juu, ulaze ubao kati yao, ukaze.

Kuna mambo linayoyachukia. Usipigilie jembe kwenye mpini juu yake, fanya hivyo chini kwenye jiwe. Usilipande kuchuma maembe. Usilinyeshee, maana taya zikilowa huvimba na kupinda. Mara moja moja tia grisi kidogo kwenye skrubu.

Je, kila nyumba inunue? Hapana. Kama kwa mwaka unatia mpini mmoja au miwili, gogo lenye panda na kamba ya kukazia vinakutosha, na fedha zako kanunulie mbegu. Wenye mizinga ya kutengeneza, mabanda ya kujenga, au majembe ya watu wengi, hao litawafaa. Majirani watatu wanaweza kuchanga wakanunua moja zuri, ila patane mapema litalala kwa nani, na nani atanunua kishikio kikivunjika. Huyo atakayelilaza alikunje kila jioni, la sivyo kuku watalifanya kitanda.