Kura Ihesabiwe Machoni pa Watu

Mkulima wa karafuu afikishapo magunia yake kituoni haondoki mpaka ameiona mizani kwa macho yake. Si kwamba anamdhania karani kuwa ni mwizi. Huenda karani huyo akawa jamaa yake, au jirani wa ukuta mmoja. Lakini jasho la msimu mzima limo katika magunia yale, na desturi ya haki ni kwamba apimiwaye naye aone. Iweje basi, katika jambo lililo kubwa kuliko karafuu, yaani kura, mwananchi aambiwe kwamba mizani imo ndani ya sanduku lililofungwa, na kwamba inatosha wataalamu wameikagua?

Swali hilo liliulizwa kwa nguvu nchini Uholanzi mwaka 2006, na aliyelivalia njuga hakuwa mzee mwenye kuogopa mambo mapya. Alikuwa Rop Gonggrijp, mzaliwa wa Amsterdam, aliyepata riziki na sifa yake kwa kompyuta. Mwaka 1989 alianzisha Hack-Tic, jarida la vijana waliopenda kuchokonoa mitambo ya simu na kompyuta. Na mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa walioanzisha XS4ALL, moja ya kampuni za mwanzo kuwafungulia Waholanzi wa kawaida mlango wa intaneti. Mtu wa namna hiyo akisema mashine fulani haifai, hawezi kujibiwa kwamba haijui.

Wakati ule sehemu kubwa sana ya Waholanzi walipiga kura kwa kubonyeza kitufe. Karatasi haikuwako. Kura iliingia katika kumbukumbu ya mashine, na jioni mashine ikatoa jumla yake. Gonggrijp na wenzake wakaanzisha kampeni iliyobeba ujumbe wake katika jina lake: Hatuziamini Kompyuta za Kura. Wakapata mashine za aina ya Nedap, wakazifungua na kuzisoma. Mwezi Oktoba 2006 televisheni ya huko ikaonyesha walichokigundua: mtu aliyeachwa na mashine kwa dakika chache tu aliweza kubadilisha vijisehemu vyake vya kumbukumbu, na tangu hapo ikatoa matokeo ayatakayo yeye. Upande wa wenye mashine ulikuwa umeshikilia kwamba chombo kile hakijui kazi nyingine ila kuhesabu kura. Wao wakakifanya kicheze sataranji.

Ikadhihirika pia kwamba mashine zilivujisha mawimbi ya redio, na mtu aliyesimama mbali kidogo na kifaa chake aliweza kupeleleza siri ya mpiga kura. Kwa sababu hiyo Serikali ya Uholanzi ilizizuia mashine zipatazo 1,200 za aina nyingine kabla ya uchaguzi wa Novemba 2006. Mwaka 2007 tume iliyoundwa na Serikali ikasema kura yapasa iwe kwenye karatasi, na mwaka 2008 nchi ile tajiri ikaamua kurudi kwenye karatasi na penseli nyekundu.

Yafaa ieleweke vema hoja ya mtaalamu huyu na wenzake. Hawasemi kwamba karatasi haiibiwi. Karatasi huibiwa, na masanduku hujazwa. Lakini kuiba karatasi katika maelfu ya vituo kwahitaji mikono mingi, na penye mikono mingi pana midomo mingi, siri haikai. Kwa mashine, mtu mmoja mwenye ujuzi na nafasi yaweza kumtosha, wala hakuna atakayesikia. Na hata kama hapana aliyeiba, mwananchi hana njia ya kujua. Hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliona hivyo hivyo tarehe 3 Machi 2009, ilipoamua kwamba mashine za namna hiyo zilizotumiwa katika uchaguzi wa mwaka 2005 zilikwenda kinyume cha Katiba. Haikuthibitishwa kwamba kura hata moja iliibwa. Mahakama ilisema tu kwamba uchaguzi ni jambo la hadharani, na raia sharti aweze kuzifuata hatua zake muhimu bila ya kuhitaji elimu maalumu.

Nayo Ireland ilinunua mashine zipatazo 7,500, gharama ikapita euro milioni 50. Zikajaribiwa katika majimbo machache mwaka 2002, kisha zikawekwa ghalani kwa miaka. Mwaka 2012 ziliuzwa kama vyuma chakavu.

Jirani zetu wa Kenya nao wana la kutufunza. Huko kura ni za karatasi na huhesabiwa kituoni, ila matokeo husafirishwa kwa mitambo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa Rais, na miongoni mwa sababu ni jinsi matokeo yalivyosafirishwa, na jinsi tume ilivyoshindwa kuufungua mtambo wake ukaguliwe kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 fomu za vituo ziliwekwa mahali ambapo yeyote aliweza kuzisoma. Matokeo yalibishaniwa tena, hata mahakamani. Lakini kila mwenye kalamu aliweza kujumlisha mwenyewe. Chombo kilikuwa ni kompyuta vilevile. Tofauti ni kwamba mara hii kilifunua badala ya kufunika.

Kwa hiyo hatusemi kompyuta ifukuzwe. Iandike daftari la wapiga kura, ipeleke habari upesi, iwaonyeshe watu karatasi zilizobandikwa vituoni. Lakini wakuu wetu, watakapojiwa na wauzaji wenye mashine za kung'aa, wasiulize tu kama itahesabu haraka. Waulize kama wakala wa chama kilichoshindwa, mvuvi aliyesoma darasa chache, ataweza kusimama pale kituoni na kuona kwa macho yake kwamba ameshindwa kweli. Mshindi hahitaji kuaminishwa. Uchaguzi hufanywa ili aliyeshindwa aridhike, arudi nyumbani, na visiwa vilale salama.