Safari ya Sauti ya Chemirocha

Tangu zamani za kale sauti ya mwanadamu haikuweza kwenda mbali na mwenyewe. Mwimbaji akinyamaza, wimbo umekwisha. Akifa, wimbo ulibaki katika kumbukumbu za waliomsikia tu. Mambo yaligeuka mwaka 1877, Thomas Edison wa Marekani alipofaulu kunasa maneno yake katika mashine, na tena mwaka 1887, Emile Berliner alipobuni sahani bapa ya santuri. Tokea hapo sauti iliweza kusafiri peke yake. Safari moja ya namna hiyo ilianzia Marekani ikafika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis wa Kenya, na habari zake zastahili kusimuliwa.

Mwimbaji wa reli

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika sehemu za Meridian, jimbo la Mississippi. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na mwana naye akashika kazi ya kufunga breki za garimoshi. Lakini aliugua kifua kikuu, akashindwa na kazi hiyo nzito, akageukia gitaa na uimbaji ili apate riziki. Tarehe 4 Agosti 1927, katika mji wa Bristol, nyimbo zake mbili zilinaswa kwa ajili ya kampuni ya Victor. Kwa muda mfupi jina lake likaenea. Watu walipenda hasa jinsi alivyoirusha sauti yake ghafula kutoka chini hadi juu, mfano wa mchungaji amwitaye mwenzake ng'ambo ya bonde.

Ugonjwa haukumwacha. Mwezi wa Mei 1933 alikwenda New York kuimba tena, naye alikuwa dhaifu hata ikambidi ajilaze kitandani kati ya wimbo na wimbo. Siku mbili baada ya kuimalizia kazi hiyo, tarehe 26 Mei, akafariki dunia, umri wake miaka 35. Hakupata kuiona Afrika.

Santuri yafika mashambani

Mwenyewe alikufa, lakini sahani zake ziliendelea na safari. Nairobi ilikuwa na matangazo ya redio tangu mwaka 1928, lakini yalikusudiwa hasa wasikilizaji wa Kiingereza, na redio zenyewe zilikuwa mali ya wachache. Kinanda cha santuri kilikuwa na tabia nyingine. Hakikudai umeme wala betri. Mtu alizungusha mkono wake, kamani iliyo ndani ikakaza, na sahani ikazunguka mara 78 kwa dakika moja. Kila upande ulichukua wimbo wa dakika kama tatu. Kwa hiyo kiliweza kulia hata mahali ambapo nguzo ya umeme haijapata kuonekana.

Hivyo ndivyo Wakipsigis walivyoisikia sauti ya Rodgers. Jina lake wakalitamka kwa ulimi wao wenyewe: Chemirocha. Wengi hawakujua Kiingereza. Walichokuwa nacho ni sauti tu, nayo ilipanda na kushuka kwa namna ya ajabu. Basi ikasemwa ya kwamba Chemirocha alikuwa nusu mtu, nusu swala.

Msomaji asicheke upesi. Sauti isiyo na mwili hutafuta mwili katika fikira za asikiaye. Hata leo, ni nani asikilizaye redio asiyempa uso mtangazaji ambaye hajamwona?

Wasichana wa Kapkatet

Mwaka 1950 alifika Kapkatet Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyezaliwa mwaka 1903 na kuhamia Rodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, akiwa kijana. Alikuwa amefanya kazi ya utangazaji huko Durban tangu 1936 hata 1947, kisha akajitoa kukusanya nyimbo za Waafrika, kwa kuwa aliona zaweza kupotea pamoja na wazee. Gari lake lilichukua mashine za kunasia sauti. Mtambo wa umeme uliwekwa mbali na kuunganishwa kwa waya mrefu, ili ngurumo yake isiingie katika nyimbo.

Wanaume waliimba habari za Chemirocha kwa kinubi. Kisha wasichana nao wakaimba wimbo wao, mfupi na mtamu, wakimtania huyo mgeni aje kucheza ngoma ya kuruka, aruke kwa nguvu hata nguo zimtoke mwilini. Sauti ilikuwa ya Kikipsigis, na mzaha ulikuwa wa Kikipsigis. Hawakumwiga mgeni, walimkaribisha katika ngoma yao, kwa masharti yao.

Mwaka 1954 Tracey aliweka maktaba ya muziki wa Afrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg, na nyimbo alizokusanya zikatolewa katika sahani nyingi. Alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata maktaba hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes.

Sauti yarudi nyumbani

Hapa pana neno la kufikiriwa. Kwa miaka mingi wimbo wa Kapkatet ulipatikana katika vyuo na maktaba za nchi za mbali, ambako hapakuwa na mtu aliyewajua waimbaji. Kapkatet kwenyewe haukuwako. Wasichana wale waliolewa, wakazeeka, na sauti zao za ujana zilikuwa zimehifadhiwa vizuri mahali wasipoweza kufika.

Ilipopita miaka zaidi ya sitini, kati ya mwaka 2014 na 2015, maktaba hiyo ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha nyimbo hizo kwa Wakipsigis. Baadhi ya walioimba walikuwa wangali hai, wazee sasa, wakatiwa mkononi sauti zao wenyewe.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Hao walicheza kwao, na tuzo ikachelewa mno. Wenzao waliokwisha kufa hawakuipokea. Leo chombo cha kunasia sauti chaingia mfukoni, na kila kijiji kina mtu anayekijua. Mtu awaye yote anayenasa wimbo wa mwenziwe na amwachie nakala siku ile ile, kabla hajaondoka.