Angekuwa mgonjwa, au inasemekana ni mgonjwa?

Mbugangari ni mtaa wa Gisenyi, wilayani Rubavu, uliokaa kando ya mpaka wa Rwanda na Kongo. Kivuko cha wanaokwenda Goma kwa miguu, kile wenyeji wanachokiita Petite Barrière, kiko karibu. Mtoto anayekulia hapo hupata Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa kutoka upande wa Goma. Kiingereza hukikuta shuleni, kwa kuwa mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikafanywa lugha rasmi ya nchi.

Katika kutaja bei au kuulizana njia, lugha hizi nne hazigombani. Zinaachana pale mtu anapoelezwa kwa sharti: si alivyo, bali angekuwaje, au anadhaniwa yukoje. Maneno mawili tu ya Kiingereza, "would be", yakifuatwa na kivumishi, yanatosha kuonyesha pengo hilo.

Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki kumfuata anayeelezwa. "Sick" au "tired" halibebi nafsi, wakati wala sharti. Kazi yote hiyo hufanywa na kitenzi kinachotangulia, na kitenzi hicho ndicho kinachomwambia msikilizaji maelezo ya mtu yana uzito gani. "Is tired" ni kauli ya moja kwa moja kwamba amechoka. "Must be tired" ni hukumu ya anayesoma dalili: bila shaka amechoka, ukimtazama anavyoburuta miguu. "May be tired" humwacha mtu kwenye huenda. "Can be" hutumika zaidi kwa tabia: ukimwambia mtu kwamba fulani "can be difficult", humwiti mkorofi, unasema tu kwamba ukorofi humjia mara mojamoja. "Would be tired" humweka mbali na ukweli wa sasa: hajachoka, ila angechoka kama lingetokea jambo fulani, hata kama jambo lenyewe halikutajwa. Neno hilohilo "would" hueleza pia mazoea ya zamani, kwamba kila jioni alikuwa akirudi amechoka, na hapo ni muktadha tu unaomwokoa msomaji.

Kiswahili hakihitaji neno la pembeni. Sharti huingia ndani ya kitenzi chenyewe kwa -nge-, -ngeli- au -ngali-. Vitabu vya shule hufundisha kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado lawezekana na -ngali- ni ya lililokwisha kupita, ingawa katika mazungumzo mpaka huo hauheshimiwi sana. "Angekuwa mrefu" inakaa vizuri karibu na Kiingereza chake, kwa sababu -refu ni kivumishi kweli. Shida huanza kwenye hali za mwili na moyo. Vivumishi asilia vya Kiswahili ni vichache, na mengi ambayo Kiingereza huyaita sifa, sisi huyaita matendo yaliyokamilika: amechoka, ameshiba, amekasirika, amelewa, amenuna. Kwa hiyo anayeleta "would be angry" katika Kiswahili lazima achague. "Angekasirika" ni hasira inayoanza mbele ya macho yako. "Angekuwa amekasirika" ni hasira uliyoikuta tayari. Kinyarwanda kimejengwa kwa msingi huohuo: "arwaye", yu mgonjwa, ni kitenzi na si kivumishi. Ndiyo maana mtoto wa Mbugangari akiandika Kiingereza huelekea kutafuta tendo mahali ambapo lugha hiyo inamtaka aweke sifa. Kosa lake lina mantiki, na mwalimu anayeliona kuwa ni uzembe hajalisoma vizuri.

Lipo jambo lililojificha zaidi, nalo ni adabu. Mtu akiandika barua ya kumpendekeza mwombaji kazi kwa Kiingereza, akasema kwamba "would be suitable", anamsifu. Sharti lililofichwa ni "kama mkimwajiri", na kulificha ni njia ya kutomlazimisha anayesoma. Mpe Mswahili sentensi hiyo neno kwa neno: "Angefaa." Papo hapo sikio lake linangoja "lakini". Angefaa, lakini hana cheti. Angefaa, lakini nafasi imeshachukuliwa. Kwetu -nge- ikisimama peke yake huleta kizuizi, na mara nyingi majuto. Anayetaka kusifu husema "anafaa", bila pazia. Mfasiri asiyejua hili anaweza kumnyima mtu kazi kwa sentensi iliyoandikwa ili kumpatia.

Hata hivyo, mtego mkubwa wa mpakani uko kwingine. Kifaransa kina hali ya masharti inayofanya kazi ileile ya "would" ya Kiingereza, lakini kimeipa kazi ya pili. Mwanahabari wa Kifaransa akiandika kwamba mtu fulani "serait malade", hasemi kwamba angekuwa mgonjwa kama hiki au kile kingetokea. Anasema amesikia kuwa ni mgonjwa, na hajathibitisha. Ni namna ya heshima ya kubeba habari bila kuidhamini. Kinyarwanda nacho huruhusu jambo la jinsi hiyo: "yaba arwaye" yaweza kuwa sharti, yaweza pia kuwa dhana, kwamba huenda ni mgonjwa au ndivyo isemwavyo. Kiingereza hakina matumizi hayo. "He would be sick" haiwezi kubeba uvumi. Anayetaka kusema hivyo lazima aandike "is said to be", au atumie "reportedly". Kiswahili pia hukataa kuichosha -nge- kwa kazi hiyo. Kina inasemekana, yasemekana, na "eti" kwa asiyeamini kabisa.

Tuweke hilo kwenye siku halisi. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa mashariki mwa Kongo tarehe 1 Agosti 2018 ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Goma, jirani kabisa na Mbugangari. Siku 3 baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Tarehe 1 Agosti 2019 mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa, kisha ukafunguliwa. Katika majuma kama yale, habari kwamba mtu fulani "serait malade" huvuka mpaka haraka kuliko mtu mwenyewe. Ikifika Gisenyi ikageuzwa neno kwa neno kuwa "would be sick", anayesoma Kiingereza hupata kwamba mtu huyo ni mzima, ila kuna sharti. Ikigeuzwa kuwa "ni mgonjwa", uvumi umepandishwa cheo ukawa ukweli, na jina la mtu limechafuka kabla ya kipimo. Fasiri zote mbili zimekosea, kila moja kwa upande wake, na kosa lote limo katika kitenzi kimoja.

Sarufi ya shule huifundisha "would" kwa jedwali la sentensi za "kama": sharti la kwanza, la pili, la tatu. Jedwali hilo ni sahihi, lakini haliwaambii wanafunzi kwamba lugha za jirani hutumia sura ya sharti kwa ushahidi wa kusikia. Lingehitaji safu moja zaidi, yenye swali ambalo mchuuzi wa Petite Barrière huliuliza kila siku bila sarufi yoyote: umeona, au umeambiwa? Akijibiwa "nimeambiwa", anajua kwamba kwa Kinyarwanda "yaba arwaye" imetosha, kwa Kifaransa "serait" imetosha, kwa Kiswahili aseme inasemekana, na kwa Kiingereza aiache "would" mahali pake.