Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu sisi walimu huutumia msemo huu kuwaliwaza wanafunzi walioshindwa uwanjani, kisha tukausahau siku matokeo ya mtihani yanapobandikwa ukutani. Nionavyo mimi, msemo huo hauwahusu walioshindwa peke yao. Unatueleza mshindani ni nani, na maana hiyo inahitajika mno katika shule zetu.

Hapa Naivasha tumebahatika kuishuhudia kwa macho. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalirejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na makao yake yakawa mjini mwetu. Mwaka wa 2023 madereva wanne wa Toyota walitwaa nafasi nne za kwanza, naye Sébastien Ogier akampiku Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7 tu. Wawili hao waliendesha magari ya aina moja, yaliyotunzwa na mafundi wa kikosi kimoja. Lau wangalihasimiana, kikosi kingalisambaratika. Lau wangalilegezeana, mbio zisingalikuwa na maana. Walifanya lililo gumu zaidi, nalo ni kushindana kwa dhati bila kuharibiana.

Jambo hili si geni katika Safari. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström wa Uswidi, wote wakiwa katika magari ya Datsun, walimaliza wakiwa sawa kwa alama za adhabu. Mehta alitangazwa mshindi kwa mujibu wa kanuni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Pasipo kanuni inayoheshimiwa na pande zote mbili, ushindani hugeuka ugomvi.

Lugha yetu nayo imelitafakari suala hili kwa hekima. Pambano la Gor Mahia na AFC Leopards huitwa pambano la mashemeji, kwa kuwa jamii zinazozishabikia timu hizo zimeoana kwa vizazi. Watanzania nao huwaita Simba na Yanga watani wa jadi. Mtani ana ruhusa ya kukukejeli hadharani, lakini ukifikwa na msiba, ndiye atakayefika kukusitiri. Adui hana wajibu huo.

Je, mshindani hatuumizi? La hasha, sisemi hivyo. Paul Tergat, mzaliwa wa Baringo, alishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia katika mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki za Atlanta mwaka wa 1996, akashindwa tena Sydney mwaka wa 2000 kwa tofauti ya sehemu tisa za mia za sekunde, yaani sekunde 0.09. Hakupata kamwe dhahabu ya Olimpiki. Hata hivyo, mwaka wa 1997 jijini Brussels alikimbia kwa dakika 26 na sekunde 27.85, akaivunja rekodi ya dunia ya Gebrselassie. Mwaka uliofuata Mwethiopia huyo akaichukua tena. Kila mmoja alimsukuma mwenzake kufika mahali ambapo pengine asingalifika peke yake.

Sasa tutazame madarasani. Nimewaona wanafunzi wakificha vitabu vya maktaba, wengine wakirarua kurasa ili wenzao wasisome, na wengine wakikataa kueleza hesabu waliyoielewa. Huo si ushindani bali ni husuda iliyovalishwa sare ya shule. Tena ni upumbavu, kwani mtihani wa taifa hufanywa na maelfu ya watahiniwa. Aliyemfichia jirani yake kitabu amemzuia mmoja tu, naye amepoteza mtu wa kumnoa.

Lawama si ya wanafunzi pekee. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini tabia ya kumpima mtoto kwa nambari yake darasani ingali nasi. Mzazi humuuliza mwanawe, "Nani alikushinda?" kabla ya kumuuliza amejifunza nini. Ndugu wa tumbo moja hulinganishwa mezani hadi wakaogopana, na uhasama huo huwafuata ukubwani, katika kazi na hata katika urithi.

Walimu wenzangu, tumsomee kila mwanafunzi alama zake kando ya zile za muhula uliopita, na tumsifu hadharani yule aliyemfundisha mwenzake. Nanyi wanafunzi, mteueni mshindani mmoja aliye mbele yenu kidogo, mmwambie waziwazi kwamba mnanuia kumpita, kisha msome naye. Akiwashinda, mpeni mkono. Mkimshinda, msimcheke, maana muhula ujao mtamhitaji.